Kasri la Kifalme la Warsaw: la awali au jipya?
Sehemu kubwa ni jipya, ndugu. Mizinga ya Wajerumani ililichoma Septemba 17, 1939, kisha Septemba 1944 wakalilipua kwa baruti, likabaki kifusi. Uamuzi wa kulijenga upya ulitoka 1971, fedha zikachangwa na Wapolandi wenyewe, wa nyumbani na wa ughaibuni. Saa ya mnara ilianza kutembea tena 1974, saa 5:15 asubuhi, dakika ileile iliyosimama siku ya moto. Wageni waliingia rasmi 1984. Ila usiseme ni feki: watu wa makumbusho walihatarisha maisha yao kuokoa michoro na vipande vya nakshi kabla ya mlipuko, na vingi vimerudishwa palepale vilipokuwa.