Barua kwa mwanangu: saa ya kuinuka mezani

Moshi, Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nilikuwa uani nachambua maharage, mara ya pili nikaingia ndani nikafunga mlango, mara ya tatu nikatafuta kalamu. Umeniuliza hivi: "Mama, wiki ya sita hii napoteza, hamu ya poka imeniisha, na wale wanaocheza kila siku wananiacha mbali. Nina kazi, nina mke, nina mtoto. Nigawe vipi muda ili mchezo nisiuache, na wenyewe usinimalize?"

Najua kwa nini hukuwauliza baba zako wadogo. Mimi ndiye niliyegawa karata miaka 11 kwenye kasino moja hapo Arusha, na ada yako ya shule ilitoka kwenye meza zile. Kwa hiyo sitakujibu kama mtu anayeziogopa karata.

Nianze na hizo wiki sita, maana naona ndizo zinazokunyima usingizi. Unakaa mezani Jumanne na Ijumaa, masaa matatu matatu. Meza iliyochangamka hutoa kama migao 30 kwa saa. Nimeigawa kwa mikono hii. Hiyo ni migao 180 kwa wiki, na kwa wiki sita ni 1,080. Sasa, ree mbili kwa pamoja, zile karata mbili bora kabisa za kuanzia, humjia mchezaji mara moja katika migao 221. Maana yake tangu mkosi huu uanze umeziona kama mara tano tu. Na hata ukiwa nazo, mwenzako akiwa na wafalme wawili na nyote mkasukuma kila mlicho nacho, yeye atakushinda kama mara 18 katika 100. Zikigeuka mbili kati ya hizo tano, wiki zako sita zimeharibika na wewe hujakosea kitu. Au pengine umekosea sana. Kwa kutazama pesa peke yake huwezi kujua, na ndiyo maana hamu imekuisha: unajipima kwa kipimo kisichokuambia chochote.

Nunua daftari. Kila ukitoka mezani andika migao mitatu iliyokusumbua: ulishika nini, ulikaa nafasi gani, uliweka kiasi gani, uliwaza nini wakati ule. Usiandike usiku huohuo kama moyo bado unakudunda. Kesho yake, ukiwa na chai, isome ujiulize kama ungefanya vilevile kabla ya karata ya mwisho kufunuliwa. Nimewaona wachezaji wakipata nguvu upya kwa njia hii hata katika miezi mibaya, kwa sababu kuna kitu mkononi mwao kinachokua, hata kama mfuko haukui. Tena kusoma daftari hakukatwi kitu. Mezani, unajua mwenyewe, kasino inachukua asilimia yake kwenye kila poti, yaani pesa zilizowekwa katikati, ushinde au ushindwe.

Sasa hao wanaokuacha mbali. Baba yangu, wengi wao niliwagawia. Yule ambaye kodi ya nyumba inatoka kwenye karata hawezi kuinuka. Meza ikiwa mbaya anakaa, kichwa kikimuuma anakaa, akikaribia mwisho wa mwezi ndiyo kabisa. Wewe una mshahara pale kwenye kampuni ya watalii. Mshahara huo ndio unaokuruhusu kusema "usiku mwema" wakati wowote na kuondoka, na pale mezani sikuona silaha kubwa kuliko hiyo. Wewe unauhesabu kama mzigo unaokupunguzia masaa ya kucheza. Ugeuze, uutazame upande wa pili.

Alikuwepo mfanyabiashara mmoja wa nafaka, mtu mzima, alikuwa anakuja Ijumaa tu. Akikaa, jambo la kwanza anatega simu yake iite saa nne na nusu, anaigeuza kifudifudi na kuipangia juu chipsi zake, vile vidude vya kuchezea badala ya pesa. Muda ukifika simu inatetemeka, na zile chipsi zinalia kama meno ya mtu mwenye baridi. Hakuinuka palepale. Alimalizia mzunguko mpaka zamu yake ya kuweka dau kubwa la lazima inakaribia, ndipo anakusanya vyake, ananiachia bahashishi, anaondoka. Akiwa ameshinda, hivyo. Akiwa ameshindwa, hivyo. Miaka yote ile nilimwona akivunja utaratibu wake mara moja tu, na Ijumaa iliyofuata hakuja. Nadhani alijifungia nyumbani kujiadhibu.

Kijana mwingine alikuwa hodari kuliko yeye, kwa mbali. Alikuwa anasoma watu kama anavyosoma gazeti. Lakini saa ya kuondoka aliipanga kwa pesa: nikirudisha laki yangu nainuka. Kasino yetu haikuwa na saa ukutani wala dirisha. Usiku mmoja aliniuliza, "Dada, nje bado ni giza?" Nilikuwa nimetoka mapumziko sasa hivi. Nje jua lilikuwa limeshapanda na wenye mikokoteni walikuwa wanaelekea sokoni.

Na hilo la mapumziko ulifikirie sana. Sisi wagawaji tulibadilishwa meza kila nusu saa hivi, na baada ya meza kadhaa tunapelekwa kupumzika. Wenye kasino walikuwa wanajua kwamba akili inachoka na mgawaji aliyechoka anakosea hesabu. Mchezaji hana wa kumbadilisha. Anakaa masaa sita mfululizo akidhani ni yuleyule aliyekaa saa mbili usiku. Kwa hiyo jibadilishe mwenyewe: kila baada ya saa moja toka nje, kunywa maji, mpigie mama Neema hata dakika mbili. Ukiona uvivu wa kuinuka kwa dakika tano, basi hapo hapo ndipo pa kwenda nyumbani.

Ulinitajia tena yule Chris Moneymaker, mhasibu mwenzako wa Tennessee, aliyelipia dola 86 kwenye intaneti akapata nafasi ya kwenda kwenye mashindano ya dunia ya poka Las Vegas mwaka 2003, akawapita washiriki wengine 838 na kuondoka na dola milioni 2.5. Ni habari ya kweli na ni nzuri. Ila ninyi vijana mnaisoma kuanzia kwenye ushindi. Mimi ninachokiona ni mtu aliyeingia pale akiwa na kazi yake, na dau lake la kuanzia halikuwa linagusa chakula cha nyumbani. Washiriki wengine wote 838 walirudi makwao bila taji, na baadhi yao walikuwa wanaishi kwa mchezo huo.

Nikupe mpango wangu, wewe urekebishe. Jumanne usiende kabisa kwa mwezi mzima. Usiku huo soma daftari, piga hesabu za uwezekano, bila shilingi mezani. Ijumaa nenda, saa mbili hadi saa tano, simu ikiwa imetegwa. Ile ya kucheza kwenye simu kitandani iache, na hapa sibembelezi. Kitanda ni cha ndoa, na simu haifungi milango alfajiri. Ukifika msimu wa watalii, Juni mpaka Oktoba, hesabu za ofisini zikiwa nyingi, pumzika kabisa kama unataka. Mchezo utaukuta, na mara nyingi hamu hurudi yenyewe mtu akiipa nafasi. Pesa ya mchezo ikae peke yake, na itoshe kukaa mezani walau mara 20 kwa kiasi cha kuingilia meza unayoichagua. Ikipungua, shuka meza ya chini. Shuka bila aibu.

Kuna jambo sijawahi kukuambia. Ulipokuwa darasa la pili, tukiishi Kaloleni, nilikuwa natoka kazini saa kumi na moja alfajiri. Asubuhi moja nilikukuta umeshavaa sare mwenyewe, umelala kwenye kiti, soksi moja mguuni na nyingine umeishika mkononi. Uliamka usiku ukadhani kumekucha, ukavaa unisubiri tuondoke. Nilikaa sakafuni nikakuvalisha ile soksi ya pili bila kukuamsha. Mimi nilikuwa nalipwa kukaa kwenye meza ile, mwanangu, na bado mpaka leo nikiiona soksi ya mtoto roho inaniuma. Neema ana miaka minne. Saa tano usiku kwake haina tofauti na saa tisa, lakini asubuhi saa kumi na mbili anajua kama baba yupo au amelala kama gogo.

Na siku utakayomficha mama Neema umeshindwa kiasi gani, au utakapokopa ili ukae mezani, hilo halitakuwa tena suala la ratiba. Siku hiyo usinitumie sauti. Panda Costa uje Moshi, tukae wawili tuongee, sitakugombeza.

Ndizi zimekomaa, mkungu mmoja nitaupakia kwenye basi Alhamisi asubuhi. Mwambie mama Neema aende stendi mapema kabla hawajaurusha chini ukapondeka. Na Ijumaa ukishainuka mezani niandikie, hata neno moja tu, "nimetoka". Nitakuwa macho mpaka saa tano na robo.

Mama yako