Maswali ya Wasomaji: Chui milia, wanafunzi na laini za simu

SWALI: Mhariri, mimi ni mwalimu wa shule ya upili ya bweni hapa Nakuru na mlezi wa chama cha wanyamapori. Tunakusudia kuwapeleka wanafunzi 20 India katika likizo ya Agosti: siku mbili Delhi, kisha tupande treni hadi Sawai Madhopur tukawaone chui milia katika hifadhi ya Ranthambore. Wazazi wanashikilia kwamba kila mtoto awe na laini ya simu ya India ili wazungumze naye kila siku. Je, jambo hilo linawezekana?

JIBU: Mwalimu, kabla hatujafika kwenye simu, tazameni upya mwezi mliouchagua. Kanda za ndani za Ranthambore, zile zenye maziwa na magofu ya kale ambako picha nyingi tunazoziona hupigwa, hufungwa kuanzia tarehe 1 Julai hadi 30 Septemba kwa sababu ya mvua za monsuni, na hifadhi nyingine kubwa za chui milia, kama Kanha, hufunga pia msimu huo. Aprili joto hupita nyuzi 40, ingawa joto hilohilo huwaleta wanyama kwenye maji. Mimi ningechagua likizo ya Novemba na Desemba, mradi kila mwanafunzi awe na koti zito, kwa kuwa magari ya safari ni ya wazi na baridi ya alfajiri kule Rajasthan, jimbo lenye hifadhi hiyo, si ya mchezo.

Kuhusu laini, jibu ni hapana: India hairuhusu laini kusajiliwa kwa jina la mtu asiyetimiza miaka 18. Walimu wawili ndio wasajili, kwa pasipoti na viza zao, au wanunue eSIM ya wasafiri, yaani laini ya kidijitali isiyo na kadi, kabla ya kuondoka Kenya, halafu wawagawie wanafunzi intaneti jioni hotelini. Laini yenye namba ya India ina faida moja zaidi, kwani intaneti ya bure katika stesheni nyingi za treni haifunguki mpaka uingize tarakimu za siri zinazotumwa kwa namba ya huko. Mwalimu anayependa vifaa naye aonywe: simu ya setilaiti, au kifaa cha kutuma ujumbe kwa setilaiti, kikikutwa mkobani bila kibali kinaweza kumfikisha polisi.

Wazazi nao wapangiwe saa. India iko mbele yetu kwa saa mbili na nusu, hivyo mzazi anayepiga saa tatu usiku atakuwa anamwamsha mtoto saa tano na nusu, ilhali gari la safari litamchukua kabla jua halijachomoza. Saa kumi na moja na nusu jioni ya Nakuru ni saa mbili usiku ya kule, watoto wakiwa wameshakula.

Msituni, simu zibaki hotelini hata pale ambapo hakuna anayezikataza. Chui milia hutafutwa kwa masikio. Dereva huzima injini, na kwa dakika kadhaa hakuna linalotokea. Kisha paa madoadoa hutoa mlio mmoja mkali, nyani wa langur aliye juu ya mti huitikia kama mtu anayekohoa, na mwongozaji hunyoosha kidole upande ambao wanyama wote wameukazia macho. Mwanafunzi aliyezoea Ziwa Nakuru, ambako faru huonekana kwa mbali uwandani, atajifunza hapo namna nyingine kabisa ya kutazama pori. Kuna asubuhi ambazo chui haonekani, nao waambiwe hivyo mapema.

Lori la safari liitwalo Canter huchukua abiria 20, kwa hiyo mkiongeza walimu hamtoshi katika moja. Vibali huandikwa majina na namba za pasipoti, na mtu hawezi kubadilishwa langoni.

Mwisho, chanjo ya homa ya manjano. Abiria atokaye Kenya huulizwa cheti akishuka India, na cheti huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchanjwa. Asiye nacho anaweza kutengwa hadi siku 6, na kwa ratiba yenu hiyo ndiyo safari nzima.