Kandili Niliishika Mimi

Mwanangu mpendwa,

Swali lako nimelisikiliza mara tatu. Ile Desemba tulipokuwa tunaangalia tamthilia ya Game of Thrones, nilisema malkia Daenerys alikosea pale alipouteka mji wa Meereen, nikainuka nikaenda kulala. Sasa unauliza kwa nini nimlaumu yeye badala ya wale mabwana walioanza. Ukaongeza, "Mama, ningekuwa mimi ningewapigilia misumari wote." Hilo neno "wote" ndilo limeninyima usingizi.

Twende taratibu. Mabwana wa Meereen waliwapigilia watoto wa kitumwa 163 kwenye nguzo, mmoja kila maili, njia nzima ya kuingia mjini. Daenerys alipouteka mji akaamuru mabwana 163 wafanyiwe vilevile. Ser Barristan, yule askari mzee, alimsihi ajibu dhuluma kwa huruma. Daenerys akasema atajibu kwa haki. Mimi sina ugomvi na adhabu, mwanangu. Aliyetoa amri na aliyeshika nyundo, hao nisingewaombea. Ugomvi wangu ni ile namba. Mia moja sitini na tatu ni hesabu ya watoto waliokufa. Nani alimwambia kwamba waliowaua nao walikuwa idadi hiyohiyo?

Ndipo anapokuja Hizdahr zo Loraq, mtoto wa mmoja wa mabwana waliouawa, kuomba mwili wa baba yake akauzike, akisema baba huyo alipinga watoto wale kuuawa. Wewe ulisema anadanganya. Huenda, tuna neno lake tu. Lakini Daenerys naye alikuwa na neno hilo tu, kwa sababu hakumuuliza yule baba alipokuwa bado na mdomo wa kujibu. Na kama alimiliki watumwa, kama unavyosema, hatia hiyo ni yake na simwoshi. Angeshtakiwa kwa hiyo. Ya watoto wale waulizwe waliohusika, mmoja mmoja, hata kama kazi hiyo ingechukua mwaka. Sisi wa Old Moshi hesabu ya namna hii tunaijua: tarehe 2 Machi 1900 Wajerumani walimnyonga Mangi Meli, mtawala wetu, na wenzake 18, siku moja.

Sasa nikueleze jambo ambalo hata baba yako nilimweleza tukiwa tumeshakuzaa wewe.

Mjomba wako unamjua, jicho moja halioni. Unajua pia kwamba alipigwa rungu kilabuni, kwenye mbege, akiwa kijana. Kilichofuata hukijui. Usiku wa tatu binamu zangu walichukua mapanga wakaenda kihambani, kwenye shamba la migomba la baba wa yule aliyempiga. Kijana mwenyewe alikuwa ameshakimbia. Walihitaji mwanga, na mtu anayejua njia ya kupita kandokando ya mfereji bila kuamsha mbwa. Nilikuwa na miaka 14. Kandili niliishika mimi.

Panga likiingia kwenye mgomba halilii kama kwenye mti. Linazama, kama kwenye nyama, kisha maji yanachuruzika, halafu mgomba unashuka polepole na majani yake yote, puu. Walikata migomba wakahamia kwenye mibuni. Utomvu ulinirukia gauni, na doa la utomvu wa mgomba unalijua, umelifua mwenyewe ukashindwa.

Asubuhi ndipo tukasikia kwamba mzee yule ndiye aliyembeba kaka yangu mgongoni usiku wa ugomvi, kutoka kilabuni mpaka barabarani, akahangaika mpaka akapata gari la kumfikisha hospitali. Mama yangu alikuwa anajua siku zote tatu. Hakuna aliyemuuliza.

Baba alikata isale, jani letu Wachagga la kuombea msamaha, pale mpakani akaenda nalo kwa mzee. Nilimfuata nyuma. Mtu akikuletea isale humkatalii, na mzee hakukataa. Alilipokea kwa mikono miwili, amesimama katikati ya visiki vilivyokuwa bado vinatoa maji. Akauliza jambo moja tu: "Nani alikuwa anamulika?" Aliiona taa kutoka dirishani kwake, akaogopa kutoka.

Baba akawataja binamu zangu, na baadaye walilipa mbuzi. Mimi hakunitaja. Nami nikanyamaza, nikajiambia kwamba sikukata hata mgomba mmoja. Kila asubuhi nikienda shule nilipita pale nikamwamkia shikamoo, naye akaniitikia marahaba mwanangu, miaka yote mpaka alipofariki. Sikuwahi kumwambia.

Usiku ule wa Desemba uliniuliza mbona naondoka kabla haijaisha. Hizdahr alikuwa amesimama pale anamwomba Daenerys mwili wa baba yake, na mimi nilikuwa naona visiki.

Ni mimi mama yako,
Moshi