Umelipa Kiwanja, Lakini Bado Si Chako: Njia ya Kuhamisha Milki Tanzania Bara

Mkataba umesainiwa mbele ya wakili, fedha zimeingia benki, muuzaji amekukabidhi hati halisi na mmeshikana mikono. Kisheria, kiwanja bado ni cha muuzaji. Sheria ya Usajili wa Ardhi, Sura ya 334, haiutambui uhamisho wa ardhi iliyosajiliwa mpaka usajiliwe, na mmiliki ni yule ambaye jina lake limo kwenye daftari la Msajili wa Hati. Kati ya siku ya malipo na siku ya usajili hupita wiki, wakati mwingine miezi, na humo ndimo watu wanamopotezea viwanja: muuzaji anafariki, mkewe anajitokeza, mdai wake anakuja na amri ya mahakama, au kiwanja kinauzwa mara ya pili. Kwa hiyo panga kila hatua ili kipindi hicho kiwe kifupi, na fedha zako zisitangulie karatasi.

Anza kwa kujua unauziwa nini. Ardhi yote nchini ni ya umma, Rais akiwa mdhamini kwa niaba ya wananchi. Tunachouziana ni haki ya kuitumia kwa muda na kwa masharti, pamoja na maendelezo yaliyo juu yake. Hati za viwanja vya mjini hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99, na wewe unanunua miaka iliyobaki tu: hati ya miaka 33 iliyoanza 1998 inakwisha 2031. Soma pia matumizi yaliyoandikwa. Kiwanja cha makazi hakigeuki cha biashara kwa sababu umejenga fremu za maduka mbele. Mabadiliko ya matumizi yana maombi yake, na kukiuka masharti ya hati ni moja ya sababu za milki kufutwa. Kama muuzaji ana barua ya toleo tu, ile tunayoiita ofa, mwache kwanza akamilishe malipo na hati itoke kwa jina lake.

Upekuzi kabla ya senti ya kwanza

Upekuzi rasmi hufanywa ofisi ya ardhi ya mkoa, kwa Msajili Msaidizi wa Hati, kwa namba ya hati na malipo madogo. Jibu litakuonyesha jina la mmiliki, muda wa milki, rehani, mazuio (maombi ya kumzuia Msajili asisajili uhamisho) na amri za mahakama zilizosajiliwa. Lipate mikononi mwako wewe au wakili wako. Jibu lililoletwa na dalali halina thamani, hata likiwa na mhuri. Fanya upekuzi mara mbili: kabla ya kusaini mkataba, na tena asubuhi ya siku ya malipo makubwa, kwa sababu zuio au rehani inaweza kuingia katikati.

Daftari hata hivyo halioni kilichopo ardhini. Mchukue mpima ardhi mwenye usajili na nakala ya ramani ya upimaji, mtafute kila jiwe la mpaka, mlinganishe namba zake. Ongea na majirani wa pande zote nne, bila dalali kuwapo. Ukimkuta mtu anaishi humo, muulize anaishi kwa haki gani. Madai ya kurejesha ardhi yana ukomo wa miaka 12, na mvamizi aliyekaa muda mrefu ni kesi utakayoirithi.

Kwenye maeneo yasiyopimwa, bei hutajwa kwa hatua: "kiwanja cha ishirini kwa ishirini". Mnunuzi anafikiri ni mita za mraba 400. Hatua ya mtu wa kawaida ikiwa na sentimita 75, hiyo ni mita 15 kwa 15, yaani mita za mraba 225, karibu nusu. Pima kwa tepu, na uandike mita kwenye mkataba. Huko hakuna daftari la kukulinda, kwa hiyo nenda ofisi ya mipango miji ya halmashauri uone kama eneo limepangiwa barabara, shule au eneo la wazi. Barabara kuu na za mikoa zina hifadhi ya mita 30 kila upande kutoka katikati, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni, ziwani au baharini. Mhuri wa serikali ya mtaa kwenye karatasi ya mauziano hauondoi hata mita moja ya hifadhi hizo. Mwenyekiti wa mtaa ni shahidi mzuri wa nani anaishi wapi. Hana mamlaka ya kuhamisha milki.

Nani mwingine lazima akubali

Hapa ndipo mauziano mengi yanapobatilika, na mara nyingi mnunuzi hakuwa na nia mbaya yoyote.

Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inamzuia mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina la mmoja tu. Ridhaa hiyo iwe ya maandishi, imesainiwa mbele ya wakili, na picha na nakala ya kitambulisho cha aliyesaini. Muuzaji akisema hajaoa, mtake aape kwa kiapo cha maandishi, kisha uliza mtaani. Akiwa na wake wawili, chukua ridhaa ya wote wawili, usimwachie yeye aamue nyumba ni ya nani. Akiwa ametalikiwa, omba amri ya talaka na uamuzi wa mgawanyo wa mali, kwa sababu talaka peke yake haisemi nyumba ilikwenda kwa nani.

Mali ya marehemu ina hatari zake. Watoto kukaa kikao na kukubaliana kuuza hakuwapi uwezo wa kuuza. Muhtasari wa kikao cha ukoo unapendekeza msimamizi wa mirathi. Anayemteua ni mahakama. Msimamizi huyo aandikishwe kwanza kwenye daftari kama msimamizi, ndipo asaini uhamisho kwako. Omba barua ya usimamizi, ambayo kwa Mahakama ya Mwanzo ni Fomu Na. IV, na uende masjala ya mahakama hiyo kuhakikisha shauri lipo na uteuzi haujatenguliwa. Warithi watie saini kwamba wanafahamu mauzo na bei. Msimamizi anaweza kuuza bila saini zao, lakini zinapunguza sana uwezekano wa mmoja kuja na zuio wiki ya usajili.

Mmiliki akiwa nje ya nchi na mdogo wake akauza kwa hati ya uwakilishi, isome neno kwa neno. Je, inataja kuuza, au kusimamia tu? Inataja kiwanja chenyewe kwa namba? Imesajiliwa? Uwakilishi wa namna hii hufa pamoja na aliyeutoa, kwa hiyo hakikisha yu hai na anajua: mpigie kwa video, aonyeshe kitambulisho na ataje bei. Bei mbili tofauti zikitajwa, simama hapohapo.

Kwa mnunuzi ambaye si raia, njia ni moja: Sheria ya Ardhi haimpi ardhi isipokuwa kwa uwekezaji, kupitia mamlaka ya uwekezaji. Kumtumia rafiki Mtanzania aandikwe jina lake ni kumpa rafiki huyo kiwanja.

Mkataba na mpangilio wa fedha

Kifungu cha 64 cha Sheria ya Ardhi kinataka mkataba wa kuhamisha milki uwe wa maandishi, umesainiwa na yule atakayedaiwa kwa mkataba huo. Makubaliano ya mdomo hayatakusaidia mahakamani. Kila upande uwe na wakili wake, na hakikisha wakili wako ana leseni hai kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama. Majina yaandikwe kama yalivyo kwenye kitambulisho cha NIDA na kwenye hati. "Mohamed" na "Muhammad" ni watu wawili mbele ya Msajili.

Siku ya kusaini mkataba, muuzaji asaini pia fomu zote za ardhi: Na. 29, taarifa ya uhamisho, Na. 30, maombi ya kibali, na Na. 35, ambayo ndiyo hati ya uhamisho yenyewe. Ukimwacha akasaini "baadaye", utamtafuta akiwa amebadili namba ya simu. Kwa malipo, mpangilio unaofanya kazi ni huu: asilimia 10 baada ya upekuzi kuwa safi, sehemu kubwa fomu zikishasainiwa na hati halisi ikiwa kwa mawakili, na salio, lisilopungua asilimia 20, baada ya jina lako kusajiliwa. Salio likae kwenye akaunti ya wateja ya wakili, ili muuzaji naye awe na uhakika kwamba fedha zipo. Malipo mengine yapitie benki, kwenye akaunti yenye jina la mmiliki, kamwe isiwe ya dalali wala shemeji.

Kiwanja kikiwa kwenye rehani hakikatazwi kununuliwa. Pata barua ya benki yenye deni kamili, lipa sehemu hiyo moja kwa moja benki, na mkataba utaje kwamba hati ya kufuta rehani itasajiliwa pamoja na uhamisho wako.

Kodi, na bei ya uongo

Msajili hatasajili bila uthibitisho wa TRA kwamba kodi ya faida ya mauzo imelipwa au imesamehewa. Mkazi hulipa asilimia 10 ya faida, yaani bei kutoa gharama zilizothibitishwa. Aliyenunua kwa milioni 20, akajenga kwa milioni 30 zenye risiti, na kuuza kwa milioni 80, ana faida ya milioni 30 na kodi ya milioni 3. Nyumba ambayo muuzaji ameimiliki na kuishi kwa miaka 3 au zaidi, na faida haizidi milioni 15, ina msamaha. Kodi hii ni ya muuzaji, lakini asipoilipa anayekwama ni wewe, kwa hiyo mkataba uruhusu kuikata kwenye bei na kuipeleka TRA. Ushuru wa stempu, takriban asilimia 1 ya thamani, kwa desturi hulipwa na mnunuzi ndani ya siku 30, na hati isiyo na stempu haipokelewi mahakamani kama ushahidi. Viwango hubadilika na Sheria ya Fedha ya kila mwaka, basi uliza kabla ya kupanga bajeti.

Utashawishiwa kuandika milioni 40 badala ya 80 ili kodi ipungue. Kataa. Ripoti ya mthamini itaonyesha thamani ya soko na TRA wataitumia hiyo. Mauzo yakivunjika, mkataba utakuonyesha umelipa 40 na hizo ndizo utakazodai. Na siku utakapouza kwa milioni 100, gharama yako kwenye karatasi itakuwa 40: faida 60, kodi milioni 6, badala ya milioni 2.

Unaposubiri, na ukikuta mgogoro

Ukishasaini mkataba na kulipa sehemu ya fedha, una maslahi yanayokuruhusu kuweka zuio kwa Msajili chini ya kifungu cha 78 cha Sura ya 334. Weka siku hiyohiyo. Zuio linafunga mlango kwa mnunuzi wa pili na kwa mkopo wa ghafla, mpaka liondolewe na wewe au kwa amri ya Mahakama Kuu. Wanunuzi wachache mno hulitumia, na ni kinga ya bei ndogo kuliko zote. Mwanandoa anayehofia nyumba yake itauzwa kimya kimya naye anaweza kuweka.

Ardhi ya kijiji ina mlango tofauti. Hatimiliki ya kimila ina hadhi sawa na ile ya mjini, lakini kuihamisha kwa mtu asiye mwanakijiji kunahitaji idhini ya Halmashauri ya Kijiji. Saini ya mwenyekiti si Halmashauri. Dai muhtasari wa kikao wenye tarehe, mahudhurio yaliyotimia na uamuzi unaotaja jina lako na eneo lako, kisha hakikisha umeingizwa kwenye masjala ya ardhi ya kijiji. Mahakama zimebatilisha mauzo ya ardhi ya kijiji kwa kukosa idhini hiyo tu.

Mgogoro ukizuka, tangu mabadiliko ya 2021 Baraza la Kata linasuluhisha na haliamui tena. Likishindwa, au siku 30 zikipita, unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kwa mali isiyozidi milioni 300, na Mahakama Kuu kwa zaidi ya hapo. Omba amri ya kuzuia ujenzi na mauzo pamoja na shauri lenyewe, si miezi baadaye ukuta ukiwa umefika kwenye lenta.

Siku ya kuchukua hati iliyohamishwa, usiikunje na kuondoka. Ukiwa bado dirishani, linganisha jina herufi kwa herufi na kitambulisho, namba ya kiwanja na kitalu, mita za mraba na ramani iliyoambatishwa, kisha lipa kodi ya ardhi ya mwaka kwa jina lako jipya.