Kuipenda M-Pesa Si Sababu ya Kununua Hisa

Mtoto wa kaka yangu aliingia dukani Jumamosi moja jioni, helmeti ya bodaboda bado kichwani, akaniwekea simu juu ya kaunta. "Shangazi, hebu ona hii." Kwenye kioo kulikuwa na mchoro wa bei ya hisa za kampuni moja ya Marekani inayohusika na akili bandia, mstari umepanda kama barabara ya kwenda Riat. Alikuwa na akiba ya shilingi 30,000, na alitaka kuitia yote humo Jumatatu soko likifunguliwa.

Nilimuuliza swali moja tu: kampuni hiyo ilipata faida gani mwaka jana? Hakujua. Sikumgombeza, kwa sababu mimi mwenyewe nimenunua hisa mara mbili bila kulijua jibu la swali hilo, na mara zote mbili nililipia.

Mara ya kwanza ilikuwa 2008, serikali ya Kenya ilipouzia umma robo ya Safaricom, kampuni ya simu yenye M-Pesa, kwa shilingi 5 kila hisa. Kiwango cha chini cha kuomba kilikuwa hisa 2,000, yaani shilingi 10,000. Walioomba walikuwa wengi mno, nikapata hisa chache na salio likarudishwa. Siku ya kwanza sokoni, tarehe 9 Juni, bei ilipita shilingi 7 na sote tukajiona matajiri. Mwanzoni mwa 2009 ilikuwa imeshuka chini ya 3. Niliuza. Kampuni ilikuwa bado inapata faida, M-Pesa ilikuwa na miaka miwili tu tangu izaliwe, lakini mimi nilikuwa naangalia bei peke yake, na bei ilinitisha.

Mara ya pili ilikuwa Agosti 2021. Wakati huo nilikuwa tayari wakala wa M-Pesa hapa Kondele, Kisumu. Nilikuwa naona foleni za mwisho wa mwezi, naona floti, ile pesa ya wakala ya kufanyia miamala, inavyoisha kabla ya saa sita mchana, nikajiambia kwamba hii biashara naijua kuliko mtu yeyote wa Nairobi. Nikanunua tena hisa za Safaricom, kwa shilingi 41 kila moja.

Biashara niliijua kweli. Nilichokosa ni hesabu ya dakika mbili. Katika mwaka ulioishia Machi 2021, kampuni ilipata faida ya takriban shilingi bilioni 68. Hisa zake ni kama bilioni 40. Gawanya, utapata shilingi 1.70 kwa kila hisa. Mimi nililipa 41 ili nipate 1.70. Kwa lugha ya Kondele, nilinunua pikipiki ambayo itarudisha pesa yake baada ya miaka 24. Bei ya namna hiyo ina maana tu ikiwa faida itakua haraka sana, na mimi hata sikujiuliza itakua kwa njia gani.

Haikukua. Kampuni ilizindua rasmi huduma zake Ethiopia Oktoba 2022, na kujenga mtandao mpya kwenye nchi kubwa hivyo kunameza pesa kwa miaka. Viwango vya riba navyo vikapanda, hadi Februari 2024 serikali ikatoa hati fungani ya miundombinu, yaani ikakopa pesa kwa umma kwa riba, iliyolipa zaidi ya asilimia 18 kwa mwaka. Mwenye pesa angehangaika na hisa kwa nini? Mwanzoni mwa mwaka huo hisa zilikuwa kwenye shilingi 13 hivi. Mgao wa mwaka ule, yaani sehemu ya faida wanayolipwa wenye hisa, ulikuwa shilingi 1.20 kwa hisa. Aliyenunua kwa 13 alipata karibu asilimia 9 kabla ya kodi ya asilimia 5. Mimi wa 41 sikufika hata asilimia 3. Kampuni ni ileile, mgao uleule. Kilichotutofautisha ni bei ya kuingilia. Safari hii sikuuza. Niliongeza kidogo kidogo kila mwezi.

Tena nataka nieleze kwa nini sikukimbia, maana wengi hudhani kwamba kutafuta thamani ni kutafuta hisa za bei ya chini. Hisa za Mumias Sugar, kampuni ya sukari, zilionekana rahisi kwa miaka, na mwaka 2019 kampuni ikawekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi anayeletwa na wadai. Bei ya chini haikulindi kama biashara yenyewe inakufa.

Kwa kampuni ya teknolojia huwezi kuhesabu mashine na ekari za miwa. Angalia kama wateja wanaweza kuondoka. Kuna mama anayeleta omena kutoka Dunga. Mwaka fulani alishawishiwa kuhamia mtandao mwingine wenye ada nafuu, akajaribu wiki mbili. Kisha akarudi kaunta yangu na laini yake ya zamani imefungwa kwenye kona ya leso. Wateja wake wa Kibuye wanamlipa kwa M-Pesa, na anayemuuzia mafuta ya kukaangia analipwa huko huko. Yule mama alinifundisha zaidi ya ripoti ya mwaka, ingawa ripoti nayo siku hizi naisoma.

Warren Buffett, mwekezaji maarufu wa Marekani, alijiepusha na kampuni za teknolojia kwa miaka mingi, akisema hawezi kujua zitakuwa wapi baada ya muda mrefu. Aliponunua IBM mwaka 2011 alikuja kuachana nayo. Apple, ambayo kampuni yake ilianza kununua 2016, ilimlipa vizuri mno, na sababu aliyokuwa akiitoa inafanana na ya mama wa omena: mteja wa iPhone hatoki kwa urahisi.

Basi nilimweleza kijana wangu kuhusu mwaka 2000. Intaneti ilikuwa kitu cha kweli, ilibadilisha dunia kama walivyosema. Hata hivyo faharasa ya Nasdaq, kipimo cha bei za hisa katika soko la Marekani lenye kampuni nyingi za teknolojia, ilivuka 5,000 mwezi Machi, ikapoteza zaidi ya robo tatu kufikia Oktoba 2002, na haikurudi palepale hadi 2015. Miaka 15! Akinunua leo kwa bei ya namna ile, na kwa dola juu yake, mtoto wake wa chekechea atakuwa chuoni.

Nilimpa daftari la zamani la miamala, nikamwambia aandike mambo matatu: faida ya kampuni, idadi ya hisa, na sababu ya wateja kutoondoka. Alirudi Alhamisi. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na hesabu iliyokatwa mara mbili, na chini yake jibu, miaka 61. Zile 30,000 bado ziko kwenye sacco yao ya bodaboda, na sasa anaandika ukurasa wa pili, kuhusu benki.