Kuweka AC na hita ya nyumba nzima kwenye nyumba ya zamani, hela inaishia wapi

Mkuu umeuliza mbona fundi kakutajia hela ndefu hivyo wakati mashine yenyewe umeiona dukani kwa bei ya kawaida tu. Mashine sio tatizo aisee, hela inaliwa na njia za hewa. Nyumba nyingi za zamani hazikuachiwa nafasi ya kupitisha dakti (mabomba makubwa ya kusambaza hewa vyumbani), kwahiyo inabidi watoboe dari, wavunje kuta, wamege kona ya kabati, halafu waje kupiga plasta na rangi upya, na wakikuta asbesto (nyuzi za madini zilizotumika kwenye ujenzi wa zamani, vumbi lake ni hatari kwa mapafu) humo ndani kazi inasimama mpaka waje wataalam wa kuitoa. Bado umeme, waya za zamani mara nyingi hazihimili huo mzigo.

Mi ningeanza na kuziba nyufa na kuweka insulesheni (matandiko ya kuzuia joto lisipite) darini. Washa kijiti cha udi kisogeze taratibu kwenye fremu ya dirisha, moshi ukiyumba jua hapo upepo unapita. Ukishaziba, mashine ndogo zaidi inakutosha, na fundi apige hesabu ya ukubwa wa mashine chumba kwa chumba asikadirie kwa macho.

Pia angalia hitipampu (mashine za kuhamisha joto) za ukutani zisizo na dakti, tundu moja dogo ukutani linatosha, inapooza na kupasha, na kwa vile inahamisha joto badala ya kulitengeneza, yuniti 1 ya umeme inaweza kukupa 2 mpaka 4 za joto. Ila vyumba vikiwa vingi utahitaji nyingi, hapo dakti inaweza ikawa nafuu. Na usisaini kabla hujauliza kama bei ina kuziba kuta walizovunja, tafadhali.