Maswali ya Wasomaji: Gari Likihama Leni, Kosa ni la Nani?

Gari lilinichomekea kutoka leni ya pembeni kisha likafunga breki, nikaligonga nyuma. Kila ninayemweleza ananiambia aliyegonga nyuma ndiye mwenye kosa, hana cha kujitetea. Ni kweli?

Hapana, ingawa tunaelewa kwa nini unaambiwa hivyo. Dereva wa nyuma ana wajibu wa kuacha nafasi ya kumwezesha kusimama, kwa hiyo akigonga hudhaniwa kwamba alikaribia mno au hakuwa makini. Lakini hiyo ni dhana tu, na ushahidi unaweza kuipindua. Katika kisa chako, nafasi uliyoiacha imemezwa na mtu mwingine, naye ana wajibu wake mzito. Mkataba wa Vienna wa 1968 kuhusu usafiri barabarani, katika kifungu cha 14, unamtaka anayesogea upande ahakikishe kwanza kwamba hatawahatarisha walio nyuma yake, mbele yake au wanaokaribia kumpita, akizingatia mahali walipo, wanakoelekea na mwendo wao. Sheria za nchi nyingi zina maneno yanayofanana na hayo.

Kwa hiyo swali litakaloamua kesi yako ni hili: gari lile lilikaa katika leni yako kwa muda gani kabla hujaligonga? Kama ni sekunde 10, utaulizwa kwa nini hukupunguza mwendo ukairudisha nafasi yako. Kama ni sekunde 1 au 2, hakuna dereva ambaye angeweza. Angalia pia bampa ya gari lile. Ikiwa imebonyea kwenye pembe moja, upande lilikokuwa likielekea, huenda bado lilikuwa limekaa mshazari. Ikiwa imebonyea katikati, sawasawa, mpinzani wako atasema alishaingia na kunyooka, na itabidi ujibu kwa picha au shahidi.

Mara nyingi kosa hugawanywa. Ukionekana umechangia asilimia 30, fidia yako hupunguzwa kwa kiasi hicho. Si kila mahali, lakini. Katika majimbo machache ya Marekani, kama Alabama na Maryland, uzembe wako hata ukiwa mdogo unaweza kukunyima fidia yote. Kabla hujakubali kwa bima kwamba “nami nilikosea kidogo”, jua kwanza sheria ya mahali ajali ilipotokea inasemaje.

Niliwasha indiketa kabla ya kuhama. Mbona bado naambiwa nina kosa?

Kwa sababu indiketa ni ya kuomba njia. Haikupi njia. Aliye ndani ya leni yake ndiye mwenye haki ya kuendelea, na wewe unayetoka yako ndiye wa kusubiri. Asichoruhusiwa kufanya ni kuongeza mwendo makusudi ili akuzibie. Hapo naye anajitia kwenye kosa.

Yako mambo mawili yanayowaponza hata madereva waangalifu. La kwanza ni indiketa ya kugusa kidogo, ambayo katika magari mengi huwaka mara tatu tu kisha ikazima. Hizo ni kama sekunde 2, ilhali kuhama leni taratibu huchukua sekunde 3 hadi 5. Yaani taa inazima kabla tairi zako hazijamaliza kuvuka mstari. Shusha au pandisha mkono wa indiketa mpaka ushike, uache iendelee kuwaka hadi gari lote liwe limeingia.

La pili ni hesabu ya mwendo. Unakwenda kilomita 80 kwa saa, na kwenye kioo unaona gari mita 40 nyuma, leni ya jirani. Inaonekana nafasi ipo. Lakini likiwa linakuja kwa kilomita 110, linakula zaidi ya mita 8 za nafasi hiyo kila sekunde, na halitafika sekunde 5 kabla ya kukufikia. Wakati huohuo ndio kwanza unamalizia kuingia. Ndiyo maana kioo kitazamwe mara mbili, ukipisha sekunde moja au mbili. Ukiona gari limekua kwa haraka kati ya mtazamo wa kwanza na wa pili, liache lipite.

Nimewahi kukosa kabisa kuona gari lililokuwa ubavuni mwangu. Je, vioo vyangu vina hitilafu?

Yaelekea umevitega vikuonyeshe ubavu wa gari lako mwenyewe. Gari likiwa limesimama, egemeza kichwa karibu na kioo cha dirisha lako, kisha sukuma kioo cha pembeni nje mpaka uone ukingo wa gari kwa shida. Halafu inamia katikati ya viti viwili vya mbele, utege cha upande wa abiria vivyo hivyo. Ukikaa wima hutaona tena ubavu wa gari, na siku za mwanzo itakusumbua. Jaribio ni hili: gari linalokupita linapoanza kutoka kwenye kioo cha ndani, lionekane kwenye cha pembeni, na kabla halijatoka humo uwe umeanza kuliona kwa pembe ya jicho.

Hata hivyo pikipiki bado inaweza kujificha. Geuza kichwa, kidevu kielekee begani, kwa muda usiofika sekunde moja. Mabega yabaki yametulia, kwa sababu yakigeuka huvuta usukani. Na usigeuke kabla hujahakikisha una nafasi mbele: kwa kilomita 100 kwa saa, sekunde moja ni mita 28 hivi.

Mimi nilitoka leni ya kushoto, mwenzangu ya kulia, tukakutana ya katikati. Nani mkosaji?

Kwa kawaida wote wawili, maana kila mmoja alikuwa anahama. Mgawanyo hubadilika ikithibitika mmoja alishaingia, au mwingine hakuwasha indiketa.

Tumegusana ubavu kwa ubavu, kila mmoja anasema mwenzake ndiye aliyehama. Nipige picha za nini?

Hakikisha kwanza hakuna aliyeumia na taa za tahadhari zinawaka. Kisha, kama ni salama, piga picha kabla magari hayajasogezwa: tairi za magari yote mawili pamoja na mistari ya leni katika picha moja, tairi za mbele zimeelekea wapi, na vipande vya taa au tope vilivyodondoka, kwa kuwa mara nyingi huanguka karibu na mahali pa kugongana.

Halafu sogea karibu na mlango. Tairi la mbele likikatwa kona hutokeza kidogo nje ya bodi, na likigusa mlango wa jirani huacha weusi wa mpira wenye umbo la tao. Alama hiyo husaidia kuonyesha gari lililokuwa limepinda usukani. Mikwaruzo nayo ina mwelekeo: kwenye gari lililokuwa na mwendo mdogo hukimbia kutoka nyuma kwenda mbele, na kwenye lililokuwa likipita hukimbia kutoka mbele kwenda nyuma. Usiifute wala kuipaka rangi mpaka mkaguzi wa bima aione. Kama una kamera ya dashibodi, toa kadi yake ya kumbukumbu siku hiyohiyo, kwa sababu kamera nyingi hurekodi juu ya picha za zamani kadi ikijaa.